Beetle 1300 ya 1966: nitajuaje spea ni ya mwaka wake na si ya kuingia tu?

Chesi116

Wakuu habari zenu. Kabla sijaagiza chochote naomba mnisahihishe.

Gari ni Volkswagen Beetle 1300, usukani wa kulia. Chesi inaanza na 116, injini inaanza na herufi F, umeme bado ni volti 6. Kadi imeandikwa 1966. Nataka anayeliangalia alione kama lilivyotoka kiwandani, ila litatembea barabarani kila wiki, halitafunikwa turubai.

Ninavyotafuta: kabureta (sasa hivi imefungwa ya aina ya 34 PICT-3 juu ya adapta), distributa, taa kubwa za mbele na madigadi yake, raba za vioo, rimu mbili, spidomita, masta silinda, paipu za breki na mipira ya petroli.

Kinachonichanganya ni matangazo ya "inaingia 1961 mpaka 1979". Kuingia najua itaingia, ila nitajuaje kama ni ya gari hili au ya lililotoka miaka mitano baadaye? Na kati ya spea ya zamani iliyokaa stoo bila kutumika, mtumba uliokarabatiwa na kopi mpya, nianze na ipi? Nawasilisha.

Spana13

Mkuu, kadi iweke pembeni kwanza. Kadi mara nyingi inafuata usajili. Kiwanda kilikuwa na mwaka wake, ulioanza Agosti. Kwa namba za kuanzia Agosti 1964, tarakimu mbili za kwanza ni aina ya bodi (11 ni Beetle ya kawaida, 15 ni ile ya kufungua paa), na ya tatu ni mwaka wa modeli. Kwa hiyo 116 ni gari la kati ya Agosti 1965 na Julai 1966. Lililotoka Septemba 1966 nalo litapata kadi ya 1966, lakini chesi yake ni 117, na vitu kadhaa vilishabadilika.

Isome namba sehemu mbili: iliyogongwa kwenye mgongo wa chesi chini ya kiti cha nyuma, na ya kwenye kibati kule mbele, nyuma ya tairi la spea. Zisipolingana, ujue bodi na chesi vimekutana ukubwani. Namba ya injini iko kwenye bloku, chini kidogo ya kiti cha dainamo. D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, kwa hiyo F yako iko sawa na gari.

Mfululizo wa 116 ulipita magari milioni moja ndani ya mwaka huo wa kiwanda. Ukiangalia namba yako imeangukia wapi kwenye mfululizo, utapata mwezi kwa makadirio mazuri. Anayetaka tarehe yenyewe anaomba cheti Stiftung AutoMuseum Volkswagen, makumbusho ya magari ya VW kule Wolfsburg, Ujerumani. Cheti kinataja tarehe ya kutengenezwa, rangi na vifaa lilivyotoka navyo. Omba mapema, kwa sababu ukishakuwa na tarehe kila spea yenye muhuri wa mwezi unaweza kuihukumu mwenyewe.

Sasa namba za spea. Ni tarakimu tisa katika mafungu matatu, wakati mwingine na herufi mwishoni. Fungu la kwanza ni gari ambalo spea ilibuniwa kwa ajili yake: 111 na 113 ni Beetle, 211 ni Kombi, 311 ni Type 3, gari jingine la VW. Wewe wa usukani wa kulia utakutana na 114 pale ambapo upande una maana. Tarakimu ya kwanza ya fungu la kati ni eneo: 1 injini, 2 petroli na ekzosi, 3 giaboksi, 4 ekseli ya mbele, 5 ya nyuma, 6 magurudumu na breki, 7 pedali na mikono, 8 bodi, 9 umeme. Kwa vitu vya pande mbili, namba witiri ni kushoto na shufwa ni kulia. Ndiyo maana digadi la mbele kushoto linaishia 021 na la kulia 022.

Wengi wanateleza kwenye herufi ya mwisho. Herufi ni marekebisho. Spea yenye D itafunga pale ilipofunga ya A, na kiwanda chenyewe kingekuuzia D kama mbadala, lakini umbo, rangi au aina ya skrubu inaweza kuwa tofauti. Muuzaji akisema "namba ni ileile", muulize herufi.

Na nembo ya VW haithibitishi mwaka. Puebla, Mexico, walitengeneza Beetle mpaka 2003, na nyingi ya spea hizo zina nembo halali. Ni za kiwanda kweli, ila si za 1966. Kinachothibitisha ni muhuri wa tarehe: rimu zimegongwa mwezi na mwaka, spidomita ya VDO (ndiyo kampuni iliyoitengeneza) ina tarehe ndogo kwenye uso au mgongoni, vioo vina alama za mtengenezaji, na vitu vya umeme na taa vya kampuni za Bosch na Hella vina namba zao.

Jambo moja kabla hujaagiza kitu kutoka Ujerumani: hakikisha gari lilitoka Ujerumani likiwa zima. Beetle nyingi za usukani wa kulia ziliunganishwa kwingine kutokana na makontena ya vipande, na baadhi ya viwanda vilitumia vioo, taa au viti vya hukohuko. Gari la namna hiyo ukilivalisha kila kitu cha Kijerumani utakuwa umeliharibia historia kwa gharama kubwa.

Mpangilio wangu: kwanza kilichopo kwenye gari, kikikarabatika. Pili mtumba wenye muhuri wa miezi michache kabla ya gari lako. Tatu ya stoo isiyotumika. Kopi iwe ya mwisho.

MzeeKabureta

Niingie kwenye kabureta na distributa pamoja, maana hawa ni mume na mke, usimbadilishe mmoja ukadhani mwingine hatajali.

1300 ya 1966 inatumia kabureta ya Solex, aina ya 30 PICT-1. Jina limeandikwa ubavuni kwenye chemba ya petroli. 28 PICT ni ya 1200, 30 PICT-2 ni ya 1968 na 1969, na 34 PICT-3 uliyonayo ni ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 70. Miguu ya 34 ni mipana kuliko manifoldi yako, ndiyo maana ya ile adapta. Adapta yenyewe huongeza gasketi mbili, na kila gasketi ni mahali pengine pa kunyonya hewa. Injini ikiwa inapanda na kushuka yenyewe bila kukanyaga, nyunyizia kisafisha kabureta kidogo kwenye maungio injini ikiwa ya baridi. Mlio ukibadilika, umepata tundu.

Ukinunua 30 PICT-1 ya mtumba, kabla ya kutoa pesa shika shafti ya kipepeo cha chini uitikise juu na chini. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa jicho, hewa inapita pale na hakuna kurekebisha kwa skrubu kutakakoiponya. Inatakiwa ichongwe na kutiwa bushi mpya. Kisha weka rula juu ya uso wa kifuniko. Fundi aliyekaza skrubu kupita kiasi huacha pembe zimeinuka. Mwisho angalia kijibomba cha shaba ambako mpira wa petroli unaingia. Kimekandamizwa tu ndani ya aloi laini na kikilegea huchomoka chenyewe, petroli ikamwagika juu ya injini ya moto. Kikizunguka kwa vidole, kikarabatiwe au uache kabureta hiyo.

Choki ya umeme ina volti zake. Kipande cha volti 12 ukikifunga kwenye gari la volti 6, kinapata joto polepole mno. Choki inachelewa kufunguka, moshi unakuwa mweusi, plagi zinaota masizi, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kinyume chake, kipande cha volti 6 kwenye volti 12 hufunguka haraka kisha huungua. Volti zimegongwa kwenye kipande. Ukiwa umebadilisha hata koili, angalia pia: koili ya bluu ya Bosch inayosifiwa sana ni ya volti 12.

Kuhusu distributa, utashauriwa ufunge ya Bosch iitwayo 009 kwa kuwa inapatikana. Usifunge. 009 inasogeza moto kwa uzito wa kuzunguka peke yake, haina kidude cha kunyonya. Injini yako iliundwa na distributa inayosoma mnyonyo wa kabureta ileile. Ukiichanganya 30 PICT na 009 utapata shimo: unakanyaga kutoka taratibu, gari linasita kama limekabwa, kisha ndiyo linaondoka. Watu hukimbilia kubadilisha jeti na pampu ya kuongeza kasi, na kosa liko kwingine.

Distributa ya mtumba ipime hivi: vuta hewa kwa mdomo kwenye bomba la kidude, ziba kwa ulimi. Bati la pointi lisogee na libaki pale. Likirudi lenyewe, ngozi ya ndani imepasuka. Ukishaifunga, pointi ziwe 0.4 mm, taimingi nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, injini ikiwa imezimwa na ya baridi, kwa taa ya majaribio ya volti 6.

VoltiSita

Mzee kasema ya injini, mimi niongeze ya umeme.

Usihamie volti 12 kwa sababu taa ni hafifu. Karibu kila mara hafifu hiyo ni kutu kwenye maungio. Taa ya wati 45 kwenye volti 6 inavuta ampea 7.5, kwenye volti 12 ingevuta 3.75. Mkondo ukiwa mara mbili, kila kiungio kilichooza kinakula mara mbili ya volti, na kwenye volti 6 hakuna za kupoteza. Washa taa, pima volti kwenye betri, kisha kwenye pini ya taa. Tofauti ikizidi nusu volti, fuatilia swichi, fyuzi na waya wa bodi kabla ya kununua chochote. Na waya za kopi ziagizwe kwa unene wa volti 6. Ya volti 12 ni nyembamba hata kama rangi zinalingana.

Ukitafuta stata au flaiwili: ya volti 6 ina meno 109 na klachi ya milimita 180, ya volti 12 ina meno 130 na klachi ya 200. Hesabu meno mwenyewe, usimsikilize muuzaji. Ya 130 ni kubwa na itakwaruza ndani ya giaboksi yako. Ncha ya shafti ya stata nayo ina bushi tofauti.

Spidomita: gari la 1966 lina geji ya petroli inayoendeshwa na kebo kutoka kwenye tangi. Kuanzia Agosti 1967 geji ikawa ya umeme. Spidomita nzuri yenye geji ya umeme ndani haikufai. Kata auti (kidhibiti cha kuchaji) ya gari lako inakaa juu ya dainamo. Ya volti 12 za baadaye ilihamia chini ya kiti. Na swichi ya indiketa kwenye usukani ya 116 ndiyo inayobadilisha taa kali na hafifu. Ya 1965 kurudi nyuma haina kazi hiyo, swichi ya taa ilikuwa sakafuni, kwa hiyo kitasa kinafanana ila waya hazitoshi.

Taa za mbele: unataka zile za mlalo zenye kioo kinachofuata mteremko wa digadi, zilizoishia Julai 1967. Digadi la baada ya hapo lina tundu la taa iliyosimama wima, halina njia ya kulirudisha. Usukani ukiwa kulia maana yake unaendesha kushoto, kwa hiyo lenzi iwe ya kushoto. Ukifunga ya upande mwingine, ule mwanga unaopanda pembeni unampiga machoni anayekuja. Angalia mshale kwenye kioo au washa mbele ya ukuta: ukingo wa mwanga unatakiwa upande kuelekea kushoto.

BrekiKwanza

Naheshimu mpangilio wa Spana13, ila ile "ya stoo" isihusu breki wala kitu chochote cha mpira. Masta silinda iliyokaa kwenye boksi miaka 50 ina mipira ya miaka 50. Inapita majaribio siku ya kwanza, halafu mdomo wa mpira unakatika ukiwa kwenye mteremko. Gari lako lina mzunguko mmoja tu wa breki: mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana kitu. Nunua bodi ya zamani kwa sura ukitaka, lakini ndani iwe mipya, na tundu likiwa na vishimo vya kutu usilichonge, tupa.

Kipenyo kipime kwa vernia. Vinavyozunguka kwenye magari haya ni 17.46, 19.05 na 22.2 mm, na kwa nje silinda hufanana. Ukifunga masta kubwa kuliko ya awali pedali inakuwa fupi na ngumu. Ukifunga silinda za gurudumu kubwa pedali inakwenda chini. Mimi ningefunga masta ya mizunguko miwili, ya aina iliyokuja baadaye. Inakaa chini, haionekani mpaka mtu alale uvunguni. Ila utahitaji chupa ya mafuta yenye vyumba viwili, paipu ya ziada na swichi ya pili ya taa ya breki. Ufito wa pedali uache nafasi ya 1 mm kabla ya kugusa pistoni. Bila nafasi hiyo mafuta hayarudi, breki zinashika zenyewe gari likipata moto.

Paipu ni 4.75 mm, nati M10 x 1, na mdomo wa paipu ni ule wa duara kama uyoga. Mafundi wengi wana kifaa cha mdomo wa kukunjwa mara mbili. Unakaza mpaka nati inalia na bado inavuja, kwa sababu kiti cha silinda hakikutengenezwa kwa mdomo huo.

Shuu za zamani za breki na klachi zinaweza kuwa na asbesto. Usipulize vumbi kwa kompresa wala kuzipiga msasa. Lowesha, futa, funga kwenye mfuko.

Mipira ya petroli: ile ya kusukwa kwa uzi ndiyo inayoonekana sahihi, upana wa ndani 5 mm. Shida ni kwamba uzi unaficha nyufa. Tafuta yenye uzi nje na mpira wa kisasa unaostahimili ethanoli ndani, na uibadilishe kwa kalenda, usisubiri ionekane mbovu. Chujio la plastiki lisining'inie juu ya distributa, hata kama picha kumi mtandaoni zinaonyesha hivyo.

Matairi: 5.60-15 ya nyuzi mtambuka ndiyo ya enzi, 155 ya radial inaruhusiwa kwa jicho langu. Usichanganye aina mbili. Ya stoo hata usiulize bei.

Spana13

BrekiKwanza yuko sahihi, nilimaanisha chuma na kioo. Nafuta kauli.

Chesi116

Shukrani sana wakuu. 34 na adapta vinatoka. Mawili yamebaki. Muuzaji ana rimu mbili za matundu matano ya bolti, moja imegongwa 1 66, nyingine 11 64. Na bolti za injini na ekseli zimechakaa rangi, nazipeleka zikapigwe zinki mpya au ninunue nyingine? Raba za vioo nazo hamjazigusa.

Spana13

Chukua ya 1 66, iache ya 11 64. Kwa 116 kiwanda kilileta rimu zenye nafasi ndefu nyembamba za kupitisha hewa kuzunguka sahani, pamoja na kofia bapa (kifuniko cha katikati ya rimu). Rimu ya Novemba 1964 haina nafasi hizo na inabeba kofia ya mviringo, kwa hiyo itaonekana hata kwa asiyejua magari. Tarehe ya rimu iwe nyuma ya tarehe ya gari kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Kama cheti chako kitasema gari lilitoka Desemba 1965, basi na hiyo ya Januari itakuwa imechelewa. Mwambie akushikie mpaka upate jibu. Kabla ya kulipa izungushe kwenye hubu yako huku umeshikilia kalamu karibu na ukingo, na uangalie matundu ya bolti kama yametanuka kuwa yai.

Raba: kioo chako ni kile kilichokuzwa Agosti 1964. Cha mbele kwa Beetle ya kawaida kiliendelea muda mrefu, lakini cha nyuma kilikuzwa tena Agosti 1971, kwa hiyo raba ya nyuma iandikwe 1965 hadi 1971. Hakikisha ina mfereji wa kupokea ule ukanda unaong'aa. Raba isiyo na mfereji ni ya gari la bei nafuu au la mtindo wa vijana. Sugua kwa kitambaa cheupe kikavu. Ikiacha weusi mwingi, haitamaliza jua la misimu miwili. Na raba zilizokuja zimekunjwa zianike siku nzima zinyooke kabla ya kukata ncha, ukikata zikiwa zimejikunja zitarudi fupi na pembe itafunguka.

Bolti usitupe. Kwenye vichwa utakuta 8G au 10K, alama za Kijerumani za kabla ya 8.8 na 10.9, na majina kama Kamax au Ribe. Hizo ndizo zinazotofautisha gari lililokarabatiwa na anayejua. Kabla hujampelekea mpiga zinki zitenge: zilizokuwa nyeusi ya fosfeti zirudi nyeusi, usizigeuze zote ziwe za kung'aa. Za 8G zinapigwa bila tatizo. Za 10K mwambie asizitumbukize kwenye asidi kwa muda mrefu, na zikitoka ziingie oveni nyuzi 190 hadi 200 kwa saa kadhaa ndani ya muda mfupi, kutoa haidrojeni iliyonyonywa na chuma. Bolti ngumu isiyookwa inakazwa vizuri leo kisha inakatika kichwa siku chache baadaye gari likiwa limesimama tu. Kama mpiga zinki hajui unachozungumzia, za 10K zisafishe kwa brashi, zipake nta, uzirudishe kama zilivyo. Za ekseli ya mbele na usukani zenye nyuzi zilizovutika nunua mpya za 10.9, hata kama alama haitakuwa ya enzi.

MzeeKabureta

Na ukifungua 34 usiitupe adapta mpaka uone studi za manifoldi. Mara nyingi aliyeifunga alizibadilisha au alizikata. Studi ya kabureta ni M8. Ikiwa fupi, nati ya 30 PICT itashika nyuzi mbili tatu na utaanza kutafuta hewa upya.

Chesi116

Nimezipima sasa hivi. Moja imekatwa. Naongeza studi kwenye orodha.